Kivinjari kipi kipewe nafasi? Uamuzi wa waundaji tovuti unaowafungia wananchi mlango

Na MWANDISHI WETU

KIMBUNGA Katrina kilipoipiga pwani ya kusini mwa Marekani mnamo Agosti 29, 2005, zaidi ya watu 1,300 waliangamia na maelfu kwa maelfu wakabaki bila makao. Jiji la New Orleans lilizama majini.

Serikali ya nchi hiyo, kupitia kwa shirika lake la kushughulikia majanga, FEMA, iliwataka waathiriwa wajiandikishe ili wapewe msaada. Mtu angeweza kupiga simu, ambayo laini zake zilikuwa zimesongwa na wapigaji, au kujaza fomu kwenye tovuti ya shirika hilo.

Waliochagua tovuti walikuta kwamba fomu ile ilikubali programu moja tu ya kufungulia kurasa za intaneti, nayo ni Internet Explorer toleo la 6, ya kampuni ya Microsoft. Aliyetumia Firefox alikataliwa. Aliyekuwa na tarakilishi ya Macintosh hakuwa na la kufanya kabisa, maana Microsoft ilikuwa imesitisha uundaji wa Internet Explorer ya mashine hizo mnamo 2003, ikiwa ingali toleo la 5. Hilo toleo la 6 alilotakiwa kuwa nalo halikuwahi kutengenezwa kwa ajili yake.

Yamkini hakuna afisa yeyote aliyeketi akaamua kwamba manusura wenye Macintosh wasisaidiwe. Uamuzi wa aina hii hufanywa mapema, kimyakimya, fundi anapoijaribu kazi yake katika mashine iliyo mezani pake, akaona inafanya kazi, akaikabidhi. Siku ya maafa ndipo hubainika kwamba mtu fulani alikuwa amekwisha kuchagua ni nani atakayehudumiwa na nani atakayeachwa nje.

Uchaguzi huo ndio tunaoujadili hapa. Kila tovuti, iwe ya benki, ya chuo kikuu, ya gazeti au ya idara ya serikali, imeamua ni vivinjari gani itavihudumia. Isipoamua kwa makusudi, basi imeamuliwa na kutojali.

Kivinjari ni nini?

Kivinjari ni ile programu inayoleta kurasa za wavuti kwenye tarakilishi au simu: Chrome, Safari, Firefox, Edge, Opera na nyinginezo. Wengi hukidhania kuwa dirisha tu, kioo cha kutazamia kilicho upande wa pili. Sivyo. Sisi tuliolelewa na magazeti ya karatasi tulichelewa kulielewa jambo hili, kwa kuwa desturi za mtambo wa kuchapishia zilikuwa zimetukaa akilini.

Gazeti la karatasi likishatoka mtamboni, msomaji wa Lodwar na msomaji wa Lamu hupata ukurasa uleule. Kichwa cha habari kiko pale alipokiweka mhariri, na picha iko pale ilipobandikwa. Katika wavuti mambo ni kinyume. Tovuti haimpelekei msomaji ukurasa uliokamilika, bali humpelekea maandishi pamoja na maagizo: hiki ni kichwa, hii ni aya, picha hii ikae kulia, kitufe hiki kikibonyezwa lifanyike jambo fulani. Kazi ya kupanga na kuchapa hufanywa huko huko kwa msomaji, na mpiga chapa wake ni kivinjari.

Ni kana kwamba kila nyumba ina mtambo wake wa uchapishaji, mingine ya mwaka huu na mingine ya miaka kumi na mitano iliyopita. Mtambo wa zamani ukipokea agizo usilolifahamu, aghalabu hulipuuza na kuendelea. Lakini upo wakati agizo hilo moja ndilo lililobeba ukurasa mzima, na likipuuzwa hubaki weupe mtupu.

Wasomaji wa Kiswahili wana kumbukumbu yao wenyewe ya maradhi haya. Ulikuwako wakati ambapo neno “ng’ombe” lilitokea kwenye skrini likiwa na vijidudu tumboni, ritifaa yake imegeuka kuwa alama tatu zisizosomeka. Aliyeandika hakukosea, na tahajia ilikuwa sahihi. Ukurasa ulihifadhiwa kwa utaratibu mmoja wa kuwakilisha herufi, ambao huiandika ritifaa ya mviringo kwa vipande vitatu, nacho kivinjari kikausoma kwa utaratibu mwingine ambao hukihesabu kila kipande kuwa herufi kamili. Tovuti haikuwa imetangaza ni utaratibu upi uliotumika, kwa hiyo kivinjari kilikisia, na kikakisia visivyo. Kwa lugha yenye ng’ambo, ng’ang’ana na kung’ang’ania, hayo hayakuwa madogo.

Vita vya miaka ya tisini

Wavuti ilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mnamo 1989 katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na jiji la Geneva, Uswisi. Nia yake ilikuwa kwamba ukurasa wowote usomeke katika mashine yoyote. Mnamo 1994 alianzisha shirika la W3C ili kusimamia kanuni za pamoja ambazo kila kivinjari kingezifuata.

Biashara haikungoja kanuni. Netscape Navigator kilitolewa Desemba 1994, Microsoft ikajibu kwa Internet Explorer mnamo Agosti 1995, na kwa miaka mitano hivi iliyofuata kampuni hizo mbili zilishindana kuongeza madoido ambayo mwenzake hana. Mwundaji tovuti alilazimika kuchagua upande. Ndipo zikazagaa zile alama chini ya kurasa zikimwarifu mgeni kwamba tovuti hii huonekana vyema zaidi kwa Netscape, au kwa Internet Explorer. Ni sawa na mwenye duka kubandika mlangoni tangazo la viatu ambavyo mteja sharti avivae ndipo aingie.

Katika vurugu hizo vivinjari vilijifunza kusema uongo. Kila kivinjari kinapobisha hodi kwenye seva hujitaja jina. Netscape kilijiita Mozilla, na tovuti nyingi zikaanza kuwapa kurasa nzuri wale tu waliojitaja kwa jina hilo. Microsoft ilipoona kivinjari chake kinapewa makombo, ikakifundisha nacho kudai kwamba ni Mozilla. Waliokuja baadaye wakafuata. Hata leo Chrome, Safari na Edge hubisha hodi kwa kujiita Mozilla kwanza, miaka mingi baada ya Netscape kufa. Mlinzi wa lango anayetegemea jina pekee, kwa hivyo, anasoma vitambulisho ambavyo karibu vyote vimeghushiwa. Hata hivyo wapo waundaji tovuti wanaoendelea na mtindo huo.

Wakubwa nao walishiriki. Mnamo Oktoba 2001 tovuti ya MSN, mali ya Microsoft, ilianza kuwakatalia watumiaji wa baadhi ya vivinjari pinzani, Opera kikiwa mmojawapo. Kelele zilipozidi, ikawafungulia.

Microsoft ilivishinda vita hivyo. Internet Explorer 6 kilitolewa Agosti 2001, na katika miaka michache iliyofuata jamii ya Internet Explorer ilishika zaidi ya asilimia 90 ya soko. Mshindi akapumzika. Toleo la 7 halikuonekana hadi Oktoba 2006. Kwa miaka mitano mizima dunia ilijenga mifumo ya benki, ya hospitali na ya serikali juu ya kivinjari kimoja kisichosonga mbele, pamoja na kasoro zake zote. Baadaye kukiondoa kikawa kibarua. YouTube ilikoma kukihudumia Machi 2010, na mwaka uliofuata Microsoft yenyewe ikaanzisha kampeni ya kuwasihi watu wakiache. Jamii yote ya Internet Explorer ilistaafishwa rasmi Juni 15, 2022.

Mtego wa Korea Kusini

Hakuna nchi iliyolipia uchaguzi wa kivinjari kimoja kama Korea Kusini, na kisa chake chafaa kusimuliwa kwa marefu kwa sababu kilianza kwa nia njema kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, sheria za Marekani zilizuia kusafirishwa nje kwa programu zenye ulinzi madhubuti wa siri. Vivinjari vilivyouzwa nchi za nje vilifunga mawasiliano kwa ufunguo dhaifu wa biti 40. Wakorea walitaka kununua na kuweka pesa benki kupitia kwa intaneti, na ufunguo huo haukuwatosha. Wakabuni mbinu yao wenyewe ya biti 128, wakaiita SEED. Isitoshe, sheria ya saini za kielektroniki ya 1999 iliweka msingi wa vyeti vilivyoidhinishwa, ambavyo hatimaye kila raia alihitaji ili kufanya malipo mtandaoni.

Vivinjari havikuifahamu SEED, hivyo ilibidi kupachikwa programu ya nyongeza. Netscape kilipofifia ikabaki nyongeza ya Internet Explorer pekee, iliyotumia teknolojia ya Microsoft iitwayo ActiveX. Tangu hapo, Mkorea aliyetaka kulipa bili, kununua kitabu au kushughulikia kodi alikuwa hana budi kutumia tarakilishi yenye Windows na Internet Explorer.

Marekani ilikuja kulegeza sheria zake mnamo 2000, na sababu ya awali ikatoweka. Mazoea hayakutoweka. Nchi iliyosifika kwa intaneti ya kasi na kwa viwanda vya simu za kisasa ilibaki imefungwa kwenye kivinjari ambacho ulimwengu ulikuwa ukikitupa. Ubaya mwingine ni kwamba raia walizoeshwa kubonyeza “kubali” kila dirisha la kuweka programu nyongeza lilipojitokeza, tabia ambayo wahalifu wa mtandao huiombea usiku na mchana.

Lililoamsha wakuu halikuwa ripoti ya wataalamu. Mapema 2014 tamthilia ya runinga iitwayo My Love from the Star iliwavutia mno watazamaji wa Uchina. Wakataka kununua koti alilovaa mhusika mkuu wa kike. Wakafika kwenye maduka ya Korea mtandaoni wakiwa na pesa mkononi, wakashindwa kulipa kwa kukosa cheti na ActiveX. Rais wa wakati huo, Park Geun-hye, alilitaja suala la koti hilo hadharani mwezi Machi. Masharti yakaanza kulegezwa mwaka huohuo, lakini ilikuwa hadi Desemba 2020 ndipo hadhi maalum ya vyeti vile ilipofutwa kisheria. Ni zaidi ya miaka 20 tangu kupitishwa kwa sheria ya kwanza.

Simu ndogo, ukurasa mkubwa

Huku kwetu maradhi yalichukua sura nyingine. Wakenya wengi hawakuanzia intaneti kwenye tarakilishi, na waliopitia tarakilishi walilipia dakika katika saiba. Nyaya za chini ya bahari zilitufikia Mombasa mnamo 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, kwa kasi ndogo na bei ya kuumiza. Simu ndiyo iliyotufungulia mlango, na kwa simu ndogo za vitufe mlango huo ulikuwa Opera Mini.

Kivinjari hicho cha kampuni ya Opera ya Norway kilitolewa kwa ulimwengu mzima Januari 2006, na kwa miaka kadhaa Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokikumbatia zaidi. Siri yake ni kwamba hakifanyi kazi nzito ndani ya simu. Ukiomba ukurasa, ombi lako huenda kwanza kwenye seva za Opera. Seva hizo ndizo huuchukua ukurasa, hukupangia, huukamua hadi, kwa madai ya kampuni hiyo, asilimia 90 ya uzito wake iondoke, kisha hukutumia kilichobaki. Simu ya bei ya chini ikaweza kusoma tovuti ambazo zisingeingia kwenye kumbukumbu yake, na pesa za mjazo zikadumu.

Gharama ya muujiza huo ilikuwa kwamba tovuti zinazotegemea sana lugha ya JavaScript, ile inayoufanya ukurasa usikie na kuitikia papo hapo, hazikufanya kazi ipasavyo. JavaScript iliendeshwa huko kwenye seva kwa muda mfupi, ikasimamishwa, na simu ikapokea kitu kama picha ya ukurasa uliotulia. Menyu za kufunguka zikakataa kufunguka. Vitufe vya “wasilisha” vikabonyezwa na kubonyezwa. Mwundaji aliyeijaribu tovuti yake kwa kipakatalishi kipya jijini Nairobi hakuliona hilo, naye mwenye simu huko Garissa au Migori alihitimisha kwamba simu yake mbovu.

Zamani hasara ilikuwa kukosa kusoma habari. Sasa imekua. Juni 30, 2023, Rais William Ruto alizindua zaidi ya huduma 5,000 za serikali katika jukwaa la eCitizen, na shughuli nyingi ambazo mwananchi alizifuata kwenye dirisha la ofisi, akiwa na karatasi mkononi, zimehamia kwenye skrini. Kifungu cha 35 cha Katiba humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Huduma inapotolewa kwa njia ya wavuti, haki hiyo hupitia kwenye kivinjari alicho nacho, wala si kile ambacho fundi angependa awe nacho.

Jinsi ya kuchagua

Je, tovuti ihudumie kila kivinjari kilichowahi kuundwa? Haiwezekani, na anayeahidi hivyo anadanganya. Kila kivinjari kinachoongezwa kwenye orodha huongeza saa za kujaribu na kurekebisha. Ulinzi nao una mipaka yake. Mnamo 2020 vivinjari vikubwa viliacha kukubali matoleo mawili ya kwanza ya kanuni ya usalama iitwayo TLS, kwa kuwa yalikuwa yamepitwa. Benki inayoendelea kuyakubali ili kumridhisha mwenye simu ya kale huwaweka wateja wake wote hatarini. Hapo kukataa ni wajibu.

Lakini kati ya kumkubali kila mtu kwa usawa na kumfungia mlango, kuna nafasi pana, na wenye hekima katika fani hii waliigundua zamani. Mnamo 2006 kampuni ya Yahoo ilieleza utaratibu wake wa kuviweka vivinjari katika madaraja. Vya daraja A vilipewa kila kitu na kujaribiwa kikamilifu. Vya daraja C, yaani vikongwe vinavyojulikana kuwa dhaifu, vilipewa kiini tu: maandishi, viungo na fomu, bila madoido. Vya daraja X, visivyojulikana, vilidhaniwa kuwa na uwezo na kupewa kila kitu. Neno muhimu hapo ni kwamba hakuna daraja la kufukuzwa. “Kuhudumia” hakukumaanisha kwamba wote wataona kitu kilekile.

BBC, ambayo huwahudumia pia wasomaji wa Kiswahili, ilifanya jambo la karibu na hilo mnamo 2012. Waundaji wa tovuti yake ya habari waliacha kuuliza jina la kivinjari, wakawa wanauliza uwezo. Ukurasa mwepesi unaosomeka hutumwa kwanza kwa kila mtu. Ukifika, huulizia kama kivinjari kinaweza mambo matatu mahususi. Kikiweza, huongezewa picha zaidi na vitu vinavyochezacheza. Kisipoweza, msomaji hubaki na habari yake kamili, na pengine hajui kwamba amekosa kitu.

Chukua mfano wa fomu ya kuomba cheti. Kiini chake ni visanduku vya kujazwa na kitufe cha kuituma, mambo ambayo vivinjari vimeyaweza tangu miaka ya tisini. Juu ya kiini hicho unaweza kuweka kalenda ya kuchagulia tarehe, onyo la papo hapo namba ya kitambulisho inapokosewa, na rangi za kupendeza. Ukijenga kwa mpangilio huo, simu dhaifu ikishindwa na kalenda, mwombaji ataandika tarehe kwa mkono na maombi yatafika. Ukianza na kalenda na kuifanya ndiyo njia ya pekee, ikishindwa kalenda imeshindwa huduma. Kazi ya ziada ya kujenga kwa njia ya kwanza ni ndogo ikianzwa mapema, na ni kubwa ikiachwa hadi malalamiko yaje.

Wala wanaofaidika si wenye simu za zamani tu. Mnamo Oktoba 2013 idara inayosimamia huduma za mtandaoni za Serikali ya Uingereza ilipima ni wageni wangapi wa tovuti yake ambao JavaScript haikuwafanyia kazi. Ikapata asilimia 1.1. Kati yao ni asilimia 0.2 tu waliokuwa wameizima au waliotumia vivinjari visivyoiweza. Asilimia 0.9 iliyobaki walikuwa na vivinjari vilivyostahili kufanya kazi, ila kwa sababu moja au nyingine, kwa mfano mtandao kukatika njiani, maagizo hayakuwafikia. Yeyote aliyewahi kufungua ukurasa ndani ya matatu inayoteremka Bonde la Ufa anaielewa hesabu hiyo.

Hesabu zisizowaona walioachwa

Mameneja wengi, wakiulizwa wanavyochagua vivinjari, hujibu kwamba wanatazama takwimu za wageni wao. Ni jibu zuri kuliko kutazama takwimu za dunia, maana Chrome kuwa na takribani thuluthi mbili ya soko la ulimwengu hakukuelezi lolote kuhusu wateja wa chama cha ushirika cha wakulima wa chai. Lakini takwimu hizo zina upofu: aliyeshindwa kuingia hahesabiwi miongoni mwa wageni. Tovuti isiyofunguka kwa Opera Mini itaonyesha kwamba hakuna anayetumia Opera Mini, na meneja atasema, mnaona?

Mhandisi mmoja wa YouTube, Chris Zacharias, alieleza mwaka 2012 jinsi alivyokumbana na upofu huo. Ukurasa wa kutazamia video ulikuwa na uzito wa megabaiti 1.2. Akaupunguza hadi kilobaiti 98, akawafungulia baadhi ya watazamaji. Alitarajia wastani wa muda wa kufunguka ushuke. Ukapanda. Nusura akate tamaa, hadi takwimu zilipochambuliwa kwa maeneo. Ikabainika kwamba watu wa Afrika, Amerika Kusini, Kusini Mashariki mwa Asia na hata Siberia, ambao ukurasa wa kwanza ungewachukua dakika 20 kuufungua, sasa waliupata kwa dakika mbili. Dakika mbili ni nyingi na ziliuharibu wastani, lakini kwa mara ya kwanza watu hao walikuwa wameweza kutazama video. Kabla ya hapo hawakuwamo katika hesabu yoyote.

Chrome moja, simu nyingi

Leo wapo wanaodhani tatizo limekwisha. Edge kilihamia kwenye injini ileile ya Chrome mnamo Januari 2020, Opera ya tarakilishi ilikuwa imetangulia mwaka 2013, na injini kubwa zilizobaki ni tatu: ya Chrome, ya Safari na ya Firefox. Kwenye iPhone hali ni ya kushangaza zaidi. Kwa masharti ya Apple, Chrome na Firefox vya simu hizo hutumia injini ya Safari chini ya boneti, isipokuwa pale sheria inapoilazimisha Apple kuruhusu nyingine, kama katika Umoja wa Ulaya tangu Machi 2024. Anayejaribu tovuti yake kwa Chrome ya iPhone akadhani ameijaribu Chrome amejihadaa.

Nayo “Chrome” si kitu kimoja. Tangu toleo la 120 la Desemba 2023, Chrome haipokei simu zenye Android ya chini ya 8. Simu hizo hazikuzimika siku hiyo. Zinaendelea kuuzwa mitumba na kurithishwa watoto, zikiwa na toleo la mwisho walilobahatika kupata. Tarakilishi zenye Windows 7 nazo, ambazo baadhi ya saiba hazijaziacha, zilikomea toleo la 109 mapema mwaka uohuo.

Mnamo 2023 kampuni ya Google ilianzisha utaratibu uitwao Baseline, unaowaonyesha waundaji ni uwezo gani umekwisha kuenea. Jambo huhesabiwa kuwa limeenea likitimiza miezi 30 tangu vivinjari vyote vikuu vilipolipokea. Ni msaada mkubwa kuliko kubahatisha, nami nawashauri vijana wa fani hii wautumie. Waangalie tu kwamba miezi 30 hiyo huhesabiwa tangu siku vivinjari vipya vilipotolewa. Simu iliyonunuliwa juzi Luthuli Avenue kwa bei ya kutupa ina kalenda yake, na Opera Mini haimo kabisa katika orodha ya vivinjari vinavyohesabiwa.

Idara inayotoa zabuni ya kujengewa tovuti ingeweza kuyaandika haya katika mkataba kabla ya kulipa shilingi ya kwanza: vivinjari vitakavyojaribiwa vitajwe kwa jina na toleo, kazi ifanyike bila JavaScript kwa huduma za msingi, majaribio yafanywe kwa simu ya bei ya chini iliyounganishwa kwa mtandao wa kawaida wa simu, na atakayeshindwa aonyeshwe njia nyingine, iwe Huduma Centre au nambari ya simu, badala ya ukurasa mtupu.

Msomaji naye, akikumbana na ukurasa usiofunguka, asianze kuilaani simu yake. Ajaribu kivinjari kingine, au akiweze kilichopo kuwa kipya ikiwa simu yaruhusu. Tovuti ikikataa bado, amwandikie mwenyewe kwa barua au kwa ujumbe, ataje aina ya simu, jina la kivinjari na toleo lake, ambalo hupatikana kwenye menyu ya mipangilio, na aeleze alichokuwa akijaribu kufanya. Ujumbe huo huenda ukawa ishara ya pekee kwamba aliwahi kufika mlangoni, maana katika takwimu za tovuti hayumo.